Chombo cha Kupimia Wafumu

Karatasi ile niliichapa mwenyewe, kwa vidole viwili, kwenye taipureta ya ofisi ya kata. Nasema hivyo mapema asije mtu akadhani natafuta wa kumsingizia. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyenisaidia, na nilipoitoa stensili kwenye taipureta niliisoma upya nikacheka peke yangu, kwa jinsi nilivyojiona mjanja. Nina wajukuu sasa, na bado nikikikumbuka kile kicheko natafuta pa kuficha uso.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka stesheni ya Kaliua. Kwetu ni Tabora mjini, kwa mafundi cherehani, watu wa kukaa barazani na kanzu zilizonyooshwa pasi, ambao babu zao walikuja na misafara wakakinai safari wakajenga. Nyumbani tuliwaita wanavijiji "watu wa porini," na tulidhani hatuna ubaya. Nilikwenda huko na sanduku la bati, baibui ambalo sikulivaa hata mara moja, na rundo la majarida makuukuu ya hadithi za kubuni za sayansi niliyoachiwa na kaka yangu. Nilizipenda hadithi zile kupita kiasi: vyombo vya kwenda mwezini, mashine zinazofikiri, miji iliyojengwa chini ya bahari. Jambo moja tu lilinikera. Kila baada ya kurasa chache angetokea mtu wa kufumba macho na kusoma mawazo ya wenzake, na mwandishi aliyekuwa ameieleza roketi mpaka msumari wa mwisho angeuacha uaguzi huo upite bila kuulizwa swali hata moja. Nikajiapiza kwamba siku nikiandika yangu, mwaguzi atapandishwa kwenye mizani kama tumbaku.

Darasa letu lilikuwa ndani ya bani, lile jengo la matofali la kukaushia tumbaku, ambalo nje ya msimu lilikuwa tupu na lenye harufu ya kukereketa koo. Wanafunzi walikuja alasiri wakitoka shambani, wengine na majembe yao. Cha kusoma kilikuwa haba. Tulikuwa na vijitabu vya namna ya kupanda tumbaku, na karatasi zilizodurufiwa kata: chimbeni vyoo, chemsheni maji, mkutano ni Jumamosi. Watu wale walikuwa wamejifunza kusoma kwa kuamriwa mambo. Mimi nilichoshwa na vyoo, nikaona niwaandikie hadithi.

Nilitaka iwe ya kisasa. Hadithi za kwao zina mwanzo wake unaojulikana na kila mtu. Msimulizi anabisha hodi, wasikilizaji wanaitikia, ndipo watu wanajua kwamba sasa tunaingia kwenye mambo ya sungura na majini. Nikauona mwanzo huo ni wa kizamani. Yangu ikaanza katikati, tena kwa ujanja, kama tangazo: "Wananchi wote mnaarifiwa kwamba chombo cha kupimia wafumu kimekamilika. Kila anayedai kuona yaliyofichika ataketi kitini, ataweka mikono juu ya mabamba mawili, na mshale utasema kweli." Kwamba mambo hayo yanatokea mwaka elfu mbili, hilo nililiweka akiba kwa ajili ya karatasi ya pili, liwashtue.

Baada ya tangazo, hadithi ikamleta mfumu wa kwanza kupimwa. Kwa asiyejua, mfumu ni mwaguzi. Unampelekea kuku, anampasua na kusoma humo ndani ni nani aliyekuroga, au ng'ombe wako kapotelea wapi. Huyu wa kwangu nilimpa shanga nyeupe kichwani, jicho la kushoto lenye ukungu, kuku kwapani, na tabia ya kuvuta pumzi puani kabla ya kusema lolote. Nikamfanya akalie kiti kinyumenyume. Nikamfanya ayaogope yale mabamba mpaka kuku akamponyoka. Kila jambo katika hayo, isipokuwa kiti na kuponyokwa, nililichukua kwa bibi mmoja aliyekuwa akikaa mstari wa mbele darasani kwangu.

Alikuwa mwanafunzi wangu bora. Alikuwa na umri wa miaka sitini hivi, mjane, mfumu tangu ujana wake kama mama yake kabla yake. Alifika bani kabla ya wote na kuifagia sehemu yangu ya kusimama. Mbele ya watu aliniita mwalimu, tukiwa wawili aliniita mwanangu, na mara mbili tatu kwa wiki nilikuta karanga za kuchemsha mlangoni pangu bila kumwona aliyeziweka. Nilimpenda, ndiyo. Lakini nilimpenda kama mtu anavyompenda kiumbe wa ajabu aliyemwona safarini, na kichwani nilikuwa nimekwisha kumpangia namna nitakavyomsimulia nikirudi mjini.

Siku niliyogawa karatasi, nilisubiri wacheke. Walisoma kwa vidole, mstari baada ya mstari, midomo ikitembea. Hakuna aliyecheka. Walipomaliza walikunja karatasi kwa adabu, na mzee mmoja akasimama akauliza chombo kitaletwa lini, na kama kila mtu atapimwa au wafumu tu. Nilidhani ananitania. Nikajibu kwa utani kwamba wafumu wataanza. Akaketi, ameridhika.

Kesho yake karatasi yangu ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa duka la ushirika, kati ya tangazo la mbolea na la chanjo. Mwenyekiti wa kijiji alinipa mkono akasema hatua hii imechelewa, na kwamba amekwisha kupeleka salamu kata kushukuru. Mfumu wa kitongoji cha pili, jamaa mmoja aliyejulikana kwa kula mbuzi wa watu, alikuwa amehama na watoto wake. Niliingia ndani nikafunga mlango. Nilicheka kidogo, na hofu ikaanza kunipanda. Nilikuwa nimetumia stensili ya serikali kuwatangazia wananchi uongo, na miaka ile mtu hakutaka kuitwa kujieleza kwa jambo la namna hiyo.

Bibi alikuja siku ya tatu, asubuhi, karatasi ikiwa imekunjwa mara nne kwenye pindo la kanga yake. Nilimwamkia, akaitika, akaketi kwenye kigoda, akavuta pumzi puani. Akaniambia kwamba hiyo ndiyo karatasi ya kwanza maishani mwake aliyoisoma yote bila kusaidiwa na mtu. Imemchukua siku mbili. Kisha akasema, bila hasira kabisa, kwamba yule mwenye kuku ni yeye.

Nikaanza kukana, akaninyamazisha kwa mkono. Hakuwa amekuja kwa ajili hiyo. Alikuja kuomba awe wa kwanza kupimwa, na sababu aliieleza polepole, akikitazama kiganja chake. Miaka minne nyuma, kabla watu hawajahamishiwa kijijini, mama mmoja alimletea kuku kwa ajili ya mtoto aliyekuwa akizidiwa na homa. Yeye alimpasua kuku akaanza kutaja watu wa kutaja: ndugu wa mume, mawifi, majirani. Alipotaja majirani, uso wa yule mama ulibadilika. Akaufuata uso ule. Akasema ni jirani, mwanamke, wa upande wa machweo. Jirani wa upande huo alikuwa mmoja tu, mwenzake wa kuchota maji na kutwanga, mtu waliyeazimana chumvi na moto. Mtoto alikufa, na mwanamke yule akafukuzwa na kufuatwa na mawe mpaka reli, akaenda kukaa kwa kaka yake Tura.

"Nyuso huwa naziangalia," alisema. "Mama yangu naye aliziangalia. Lakini alisema uso ni mlango tu, anayeona ni kuku. Mimi tangu siku ile sijui. Kama ninaona, basi yule mwanamke alifanya. Kama sioni, nimemfukuza mtu bure. Nataka mshale useme."

Akaendelea kwamba mshale ukilala, atakwenda Tura mwenyewe kupiga magoti. Ukiinuka, hana la kuomba.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema neno moja. Hadithi. Lilikuwa mdomoni. Nilimwona bibi amekaa mbele yangu na jicho lake la ukungu, nikaona pia mwenyekiti, kata, barua ya kuitwa, baba yangu akiulizwa msikitini binti yake kafanya nini. Na lipo jambo baya zaidi. Nilifurahi kidogo. Mimi niliyechukia waaguzi nilikuwa nimemnyamazisha mwaguzi kwa karatasi moja, nikaona labda uongo huu una faida yake, uachwe ufanye kazi.

"Bado hakijafika, bibi," nilisema.

Akanishukuru.

Mvua za kwanza zilikuwa ndiyo zinaanza. Watu walihamisha miche ya tumbaku kutoka vitaluni, wakapalilia, wakakata vikonyo vya maua, na muda wote huo bibi hakupasua kuku hata mmoja. Waliomjia aliwarudisha, akiwaambia anasubiri kupimwa. Wao wakavuka mto kwenda kwa mfumu mwingine aliyekuwa mbaya kuliko wote, kwa hiyo hata ile faida niliyojidai nayo haikuwepo. Kila Ijumaa baada ya darasa alibaki nyuma akaniuliza. Mwanzoni nilijibu kwa kifupi. Baadaye nikawa hodari. Chombo kiko Dar es Salaam, kinasubiri spea. Spea imefika lakini si yenyewe. Fundi wake anaumwa. Niligundua kwamba uongo wenye spea ndani yake unaaminika kuliko uongo mtupu, na nikawa najiandaa tangu Alhamisi. Mara mbili nilikusudia kumwambia kweli, na mara zote mbili alikuja na karanga.

Tumbaku ilipokuwa inavunwa, na darasa limehamishiwa ofisini kwa sababu bani lina moto, bibi hakuonekana siku mbili. Siku ya tatu mpanda baiskeli kutoka Kaliua akaleta habari kwamba kuna kikongwe wetu amekaa stesheni, hataki kuondoka. Alikuwa amesikia kwamba behewa la makasha limefika. Nikatoka saa hiyohiyo.

Nilimkuta mchana, ameketi chini kwenye kivuli cha stoo ya mizigo, miguu imenyooka, imejaa vumbi mpaka magotini. Wapagazi wa reli walikuwa wamekwisha kumzoea. Mmoja akanieleza, kwa kicheko, kwamba bibi amewaomba wamfungulie kasha lenye kiti, naye amemwonyesha makasha yote ni ya vipuri vya pampu. Wakacheka wote. Bibi naye alitabasamu kwa heshima, kama mtu anayechekwa katika lugha asiyoijua vizuri. Sijawahi kuona aibu kama ile, na ilikuwa ni yangu mimi, si yake. Nikaketi chini karibu naye.

"Hakuna chombo, bibi," nilisema. "Hakijawahi kuwapo. Nilikitunga mimi."

"Kama hadithi?"

"Kama hadithi."

"Mbona hukubisha hodi?"

Nililia, tena kwa sauti, mbele ya wapagazi, na nakumbuka kwamba hata katika kulia kule nilikuwa nataka anihurumie. Hakunihurumia wala hakunigombeza. Alipangusa vumbi kwenye muundi wa mguu wake, akavuta pumzi puani, akasema basi kwa kuwa chombo hakipo, nimpime mimi. Nimesoma, nimekaa naye miezi yote hii. Niseme: anaona au haoni?

Swali lile niliwahi kulijibu kwa dharau mara elfu kichwani mwangu. Kulijibu mbele yake kulikuwa kugumu kuliko kazi yoyote niliyofanya tangu hapo.

"Huoni, bibi. Unawatazama watu vizuri, basi."

"Ee," alisema. "Ndivyo nilivyodhani."

Aliomba kalamu. Magoti yalikuwa yamevimba kwa mwendo, asingeweza kwenda Tura, lakini sasa alikuwa na njia nyingine ambayo mama yake hakuwa nayo. Nilimpa ukurasa kutoka daftari langu la mahudhurio, na akaandika pale chini kwa herufi kubwa zilizolalia upande, akipumzisha mkono baada ya kila neno. Aliandika kwamba kuku hakusema kitu. Aliandika: ni mimi niliyesema, rudi nyumbani, nyumba yangu ni yako. Hakutaka nimsahihishe, wala hakukuwa na la kusahihisha. Aliikunja barua hiyo mara nne akaniwekea mkononi, akasema posta haijui ile nyumba, nimpelekee mimi.

Nikampandisha kwenye trela la tumbaku lililokuwa likirudi kijijini, na mimi nikapanda treni. Tabora nilipita nyumbani, mama akanipikia, akaniuliza mbona nimekonda, nikasema kazi nyingi. Siku ya pili nikashuka Tura. Kaka wa yule mwanamke hakuwa mgumu kupatikana. Alikuwa anasuka kamba nje ya nyumba, na nilipomweleza nimetoka wapi, hakuacha kusuka. Akasema dada yake walimzika mvua zilipokuwa katikati. Kifua. Miaka yote aliyokaa pale alikataa kulima kipande alichopewa, alisema yeye si wa kukaa, kuna siku ataitwa.

Nilihesabu palepale nimesimama, sikuweza kujizuia. Mvua za katikati zilikuwa Ijumaa zangu za spea. Kama ningesema neno lile moja asubuhi ile bibi alipokuja na karatasi yake, barua ingemkuta ameketi mlangoni. Nilimwomba kaka apokee barua hata hivyo. Akasema hajui kusoma, na aliyekuwa wa kusomewa hayupo. Barua ninayo mpaka leo, ndani ya bahasha, na sijawahi kumwonyesha mtu.

Njia nzima ya kurudi nilijiambia nitasema kweli. Niliyapanga maneno Tura, nikayapanga Tabora, nikayapanga kwenye njia ya miguu kutoka Kaliua nikiyatamka kwa sauti. Bibi alikuwa ameketi nje anapukuchua mahindi, magoti yamefungwa majani. Aliponiona alisimama kwa shida, na alipoutazama uso wangu, nikashindwa.

Nilisema nimemkuta.

Aliuliza alikuwaje. Nikasema amezeeka kidogo. Nikaona bega lake limeshuka, nikaelewa kwamba hilo lilimuuma, nikaongeza haraka kwamba lakini ana nguvu. Uso ukafunguka. Nikaendelea. Nilisema nilimsomea barua mara mbili, na nikamtazama; nilisema alinyamaza, na nikamtazama; nilisema alilia, paji lake likakunjana, basi nikasema lakini mwishowe alicheka. Nilisema amesamehe. Nilisema magoti yake pia yanamsumbua, hawezi kusafiri, ndiyo maana hakuja nami. Nilijisikia nikiyasema hayo, neno moja baada ya jingine, kila moja nikiwa nimelipima kwanza usoni pake, na sikuweza kuacha.

Nilipomaliza, bibi alikaa tena kwenye kigoda. Akaokota gunzi, akapukuchua punje chache, akanitazama kwa lile jicho zima.

"Amekufa lini?" aliuliza.

Nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Mikono yake iliendelea kupukuchua, punje zikawa zinaanguka nje ya ungo wala hakuziokota.

"Kazi hii unaiweza, mwanangu," alisema. "Mimi nilichukua miaka mingi kuiweza."

Hakusema kwa ukali. Baadaye kidogo akaniuliza kama kesho kuna darasa, nikamjibu kwamba lipo.